Sailensa ya Harusi ya Sihaba

Sailensa ilidondoka siku ya gulio, mbele ya watu wote. Kwanza ilikwaruza kokoto, ikarukaruka, kisha ikakatika. Jirani yangu Mwinyimvua aliposimamisha gari na kurudi nyuma kwa miguu, aliikuta imelala katikati ya barabara, ina matundu hata mwanga unaingia upande huu na kutokea upande wa pili.

"Mzee Mwinyi, gari limezaa!" akapaza sauti muuza samaki wakavu.

"Limezaa, ila mtoto halii," akajibu mwenzake. "Anayelia ni mama."

Kweli ilikuwa hivyo. Ile Pijo, ambayo miaka yote ilipita Kibiti kwa sauti ya mtu anayekohoa akiwa amefumba mdomo, sasa ilinguruma kama mashine ya kukoboa mpunga. Mwinyimvua aliokota kile chuma, kikamuunguza, akakitupa, akavua koti na kukiokota tena kwa koti. Soko zima likacheka. Yeye hakucheka, kwa sababu alikuwa anamfikiria Sihaba.

Sihaba ni binti yake wa mwisho. Alikuwa ameposwa Mtunda, na harusi ilipangwa kufanyika mavuno ya mpunga yakiisha. Mavuno yalikuwa yameshaanza. Na tangu alipoinunua ile Pijo kwa daktari mmoja aliyekuwa anahama, Mwinyimvua alikuwa ndiye mpeleka mabibi harusi wa Kibiti. Mabinti wa majirani, wa ndugu, hata wa watu aliogombana nao, wote walikaa kiti kile cha nyuma wamefunikwa ushungi, wakasindikizwa.

Huko Mtunda wana utaratibu wao. Gari la bibi harusi husimama kwenye nyumba za mwanzo. Wanawake wa upande wa binti wanashuka, wanajipanga mbele ya gari na kuanza kuimba kwa mwendo wa miguu, polepole, mpaka mlangoni kwa bwana harusi. Gari linawafuata nyuma. Halizimwi mpaka kizingitini. Likizimika njiani, upande wa bwana harusi hupiga makofi na kuuliza mmetuletea mzigo gani huu. Na lisipige kelele, kwa kuwa nyimbo zile ni za kumuusia binti aliye ndani ya gari. Asipozisikia, zimeimbwa bure. Karibu na mlango kuna ubeti mmoja wa baba. Kiongozi wa waimbaji humtaja kwa jina na kumshukuru kwa kulea na kwa kuleta. Mwinyimvua aliusikia ubeti huo akiwa nyuma ya usukani, akiimbiwa baba huyu na baba yule, na miaka yote hiyo alikuwa anangoja wake.

Jioni ile mkewe, Mwantumu, alimtengea chai, akaitazama ile sailensa iliyolazwa barazani.

"Baba Sihaba, wenzetu wa Mtunda wamesema wana gari. Kresta nyeupe, ya shemeji yao, inakuja kutoka Dar."

"Wamesema lini?"

"Walisema tangu posa. Mimi sikukwambia."

"Hukuniambia kwa nini?"

"Kwa sababu ya uso huo ulioukunja sasa hivi."

Mwinyimvua akasukuma kikombe. "Mwanangu hatapelekwa na Kresta. Nimebeba watoto wa watu, wangu abebwe na shemeji wa watu?"

Tangu biashara ilipofunguliwa, magari ya Kijapani yaliyokwisha kutumika yalikuwa yanashuka bandarini kila meli, na spea zake zilikuwa zimejaa maduka. Zamani, enzi ambazo hata sabuni ilipangiwa foleni, spea ilikuwa haipatikani kwa sababu hakuna kitu chochote dukani. Mwinyimvua alipita enzi hizo kwa kuchomelea na kufungafunga, leo waya, kesho kipande cha bati. Sasa vitu vilikuwepo. Aliamini ni suala la kwenda na kuchagua.

Kuchagua unene wa bomba hakukumpa shaka hata kidogo. Alizaliwa Kiongoroni, huko kwenye maji, na ujana wake wote aliupitisha akipanga miti ya mikoko iliyokatwa: nguzo upande huu, boriti upande ule, pau kule, fito kule. Mti huwekwa daraja kwa unene wake wa nje, na ganda lake likiwa juu. Hakuna anayeubandua mti ganda ili aupime. Alikuwa akiukumbatia kwa kiganja na kutaja daraja lake, na wanunuzi walikuwa hawabishi. Basi akachukua kamba ya ukindu, akaizungusha kwenye bomba pale lilipoingia katika sailensa, akafunga fundo. Kwisha.

Fundi Abdulatifu, mwenye mitungi ya gesi pale karibu na kituo, alikuwepo akitazama.

"Mzee, si tulikate tuone na ndani?"

"Ndani kuna nini zaidi ya moshi?"

"Basi ni wewe."

"Ni mimi, ndiyo. Nimepima miti wewe hujazaliwa."

Akaenda Dar es Salaam na kamba yake mfukoni. Duka ambalo zamani lilikuwa na vitu vya Pijo lilikuwa sasa linauza redio na chupa za chai. Akazunguka mtaa wa Gerezani, kwenye maduka ya spea. Sailensa zilikuwa zimetundikwa juu mpaka chini kama mikungu ya ndizi, ndefu, fupi, za mviringo, za bapa, zote mpya zinang'aa, na kila aliyemuuliza alimjibu kwa kuuliza: ya Korola? ya Hailaksi? ya Kresta? Neno hilo la mwisho lilimchoma kila lilipotajwa.

"Pijo ya zamani?" akasema kijana mmoja muuzaji. "Mshua, hiyo gari si wameshaizika?"

"Ingezikwa ningekuja kwako kununua sailensa ya maiti?"

Kijana akacheka, akamshika mkono. "Usikasirike, mzee wangu. Lete kipimo."

Mwinyimvua akatoa kamba. Kijana akaizungusha kwenye bomba moja, ikabaki. Akaizungusha lingine, ikapungua. La tatu ikakaa sawasawa, fundo likagusana na mwanzo wake.

"Hii hapa. Ya Landikruza. Hii inapumua vibaya sana, mshua. Gari lako litafikiri limezaliwa upya."

"Injini yangu si kubwa kama hiyo."

"Kwani mtu mwembamba akivaa shati pana hapumui?"

Jibu lile lilimridhisha, kwa sababu kamba nayo ilikuwa imesema hivyohivyo. Akanunua sailensa na bomba lake, akarudi navyo juu ya lori la mchanganyiko wa abiria na mizigo, amevikumbatia njia nzima.

Abdulatifu alivipokea, akavitazama, akaenda kuvilinganisha na tundu la chini ya injini, pale bomba linapoanzia. Akarudi.

"Mzee, huku juu ni kwembamba. Mdomo wa injini unaingia kwenye bomba lako hili kama mguu wa mtoto kwenye buti la askari."

"Weka kipande cha kuunganishia."

"Nitaweka. Lakini..."

"Abdulatifu, nimepima. Weka."

Akaweka. Siku ya kujaribu, Mwinyimvua alimwomba Bi Biasha aje. Bi Biasha ndiye kungwi wa Sihaba na ndiye angeongoza nyimbo. Mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuvuka bonde. Alikuja na wenzake wanne, wakasimama mbele ya Pijo kwenye njia ya kwenda shule kama watakavyosimama Mtunda. Mwinyimvua akawasha.

Haikuwa ngurumo ile ya matundu. Ilikuwa sauti nene, ya chini, inayoingia tumboni. Vioo vya madirisha vikatetemeka. Bi Biasha akaanza wimbo, mdomo wake ukaonekana unafunguka na kufungika. Wenzake wakageuka kutazama gari. Mwinyimvua akaingiza gia ya kwanza, akaachia klachi taratibu kama alivyofanya harusi zote, na gari, lililozoea kutembea hivyo siku nzima, likatikisika, likakata pumzi, likazimika.

Akawasha tena. Likaenda hatua chache, likazimika. Akikanyaga mafuta lilikwenda, ila kwa kuruka, na wanawake wakakimbilia majanini wakishika khanga zao.

"Mwinyimvua!" akafoka Bi Biasha. "Unatusindikiza au unatufukuza?"

"Bomba ni jipya, litazoea!"

"Lizoee nini? Mimi sauti yangu mwenyewe siisikii. Yule mtoto atasikia nini humo ndani?"

"Ongeza sauti basi."

"Niongeze wapi? Nimebakiza mapafu!" Akajifunga khanga vizuri kiunoni. "Sikiliza, kaka yangu. Mimi nyuma yangu sitaki kitu kinachonguruma. Tafuta dawa, au waje hao na Kresta yao."

Neno hilo tena. Mwinyimvua aliisukuma Pijo mpaka nyumbani, yeye na Abdulatifu.

Dawa ya pili ilikuwa ya Abdulatifu. Alikuwa na sailensa ya Korola iliyopinduka upande wa Mloka, bado nzima kabisa. Bomba lake lilikuwa jembamba. Walipoifunga, Pijo ikawa kimya mno, hata Mwantumu alitoka jikoni kuuliza kama imekufa. Kwenye ile njia ya shule ilitembea polepole bila kuruka. Sihaba mwenyewe, aliyekuwa amewekwa ndani kama mabibi harusi wanavyowekwa, alichungulia dirishani na kusema, "Baba, hiyo hiyo!"

Kwa mara ya kwanza tangu siku ya gulio, Mwinyimvua alikula akashiba.

Kesho yake akaipeleka barabarani, njia ya Mtunda, ili aone. Kwenye tambarare ilikwenda kwa kinyongo. Kilima cha kwanza ikaanza kulemewa. Akikanyaga mafuta inanung'unika tu, kama mtu aliyezibwa mdomo kwa mto. Kilima cha pili mshale wa joto ulipanda mpaka mwisho na rejeta ikatema maji. Akakaa chini ya boneti iliyofunguliwa, jua utosini, akingoja ipoe. Lori la mpunga likapita.

"Mzee Mwinyi, unapika nini?" akauliza utingo.

Akajaza maji, akaenda kidogo, ikachemka. Safari ya kwenda na kurudi aliimaliza magharibi, na njiani alikuwa amekwisha kujibizana na kila mtu ambaye hakuwepo: kijana wa Gerezani, daktari aliyemuuzia, Wajapani.

Nyumbani alimkuta mjumbe kutoka Mtunda. Mjumbe alikuwa na adabu zote. Alisema Kresta imeshafika na inalala chini ya turubai. Alisema hakuna anayemdharau mtu, ni kusaidiana tu. Alisema mzee akae kiti cha mbele kama mgeni wa heshima, apumzike, kwani amebeba wengi.

"Nimeambiwa nipumzike," Mwinyimvua akamwambia mkewe mjumbe alipoondoka.

"Si vibaya, baba Sihaba. Ungekaa, ungesikiliza nyimbo kwa raha."

"Kiti cha mbele cha shemeji wa watu!"

Akatoka uani. Bomba la zamani, lile alilolipimia kamba, lilikuwa bado limeegemezwa ukutani. Akalishika kwa mikono miwili, akalipiga kwenye jiwe la kunolea kwa nguvu zake zote. Kuku wakatawanyika. Akalipiga tena. Pigo lile la pili lilibandua kipande kirefu cha chuma kilichooza, kikaanguka kama ganda, na ndani yake kukatokeza bomba lingine, jembamba, jeusi, lililokaza.

Akabaki amelishika, anahema.

Alikumbuka. Mwaka ule wa foleni za sabuni, bomba lilipotoboka, alimwambia fundi mmoja wa Ikwiriri avishe kipande cha bomba nene juu yake, akaziba kingo kwa moto. Lilidumu, likashika kutu, vikawa kitu kimoja, naye akasahau.

"Mwantumu!"

"Nini tena?"

"Nimepima na ganda." Akamwonyesha. "Nimekwenda mpaka Dar es Salaam, nimepima na ganda!"

Mwantumu aliyatazama yale mabomba mawili, moja ndani ya jingine. Alitaka kucheka, akaona ule uso, akarudi jikoni kuchekea huko.

Zilikuwa zimebaki siku mbili. Mwinyimvua alimpelekea Abdulatifu lile bomba la ndani, akalitupa miguuni kwake. "Unene ndio huu. Sema neno lolote, nakuhama leo leo."

Abdulatifu hakusema neno, ingawa ilionekana anahangaika nalo mdomoni. Alilipima, akatafuta kwenye lundo lake la vyuma, akapata bomba la pampu ya maji la unene uleule. Akalikunja kwa moto, akalifunga kutoka injini mpaka nyuma. Pijo ikarudi kuvuta kama zamani, kilima na tambarare, polepole na haraka. Lakini sailensa ya unene ule haikuwepo. Ya Landikruza ilinguruma, ya Korola iliziba. Bila sailensa ilikuwa mashine ya kukoboa mpunga.

"Dar tena?" akauliza Abdulatifu.

"Nani yuko Dar? Hao waliotundika za Kresta mpaka darini?" Mwinyimvua akakaa juu ya ringi. "Hii ya Korola," akasema, "ilichemka mlimani. Pale njiani kwa shule, kwenye mwendo wa miguu, ilichemka?"

"Haikuchemka. Mwendo ule moshi ni kidogo, unatosha kupita."

"Basi tutaibeba kwenye buti."

Siku ya harusi Pijo ilitoka Kibiti na ngurumo yake, watu wakaziba masikio na kupunga mikono. Ndani walikaa Sihaba amefunikwa, Bi Biasha na Mwantumu pembeni yake. Mbele Abdulatifu, amevaa kanzu nyeupe na spana mfukoni. Wanawake wengine walikuwa kwenye lori nyuma. Vilima vyote walivipanda bila mshale kusogea. Kwenye mwembe wa mwisho kabla ya nyumba za Mtunda, Mwinyimvua akasimama pembeni.

"Mnafanya nini?" akauliza Bi Biasha.

"Dada, geukieni huko kidogo."

Wakatandika gunia, wakaingia chini ya gari, yeye na Abdulatifu, kanzu kwa kanzu. Bomba lilikuwa la moto kama jiko. Zilisikika kelele za kuungua, maneno ambayo hayasemwi siku ya harusi, na spana ikianguka. Bi Biasha aliinama kuchungulia.

"Jamani, miguu minne chini ya gari! Sihaba mwanangu, baba yako kaamua kuolewa huku huku."

Ndani ya ushungi kukatoka kicheko.

Walipotoka, Abdulatifu alikuwa na mstari wa masizi kuanzia begani mpaka pindoni, na Mwinyimvua alikuwa ameungua kiganja. Lakini sailensa ya Korola ilikuwa imebanwa kwa vibanio vya bolti, na Pijo ilipowashwa, ilikohoa ikiwa imefumba mdomo. Kresta ilikuwa imeegeshwa kwenye nyumba ya kwanza, turubai limeondolewa, wenyewe wamesimama pembeni yake. Bi Biasha alishuka, akajipanga na wenzake mbele ya gari, akainua sauti.

Mwendo ulikuwa mrefu kuliko Mwinyimvua alivyoukumbuka. Wanawake walikuwa hawana haraka. Wanasogea, wanasimama, wanarudi nyuma nusu hatua, wanasogea. Yeye alikuwa na mguu kwenye klachi na macho kwenye mshale. Mshale ulikuwa katikati. Walipopita kisimani ulipanda kidogo. Walipofika kwenye uzio wa makuti ulikuwa umepanda tena. Watoto waligonga vioo, wazee waliinua mikono, mtu akarusha mchele ukaangukia boneti. Mshale ukagusa alama nyekundu. Injini ikaanza kunung'unika. "Bado kidogo," akasema Abdulatifu, "bado kidogo, mzee, usikanyage." Hakukanyaga. Jasho liliingia machoni, akaliacha liingie. Mshale ukapita alama.

Tairi la mbele likagusa mkeka wa kizingitini. Akazima. Boneti ikatoa mvuke kama chungu cha wali, vigelegele vikapanda pamoja nao, na wa Mtunda wakadhani ndivyo ilivyopangwa. Hakuna aliyepiga makofi ya kuuliza mzigo. Sihaba alishushwa. Alipopita dirishani aliushika mkono wa baba yake ulioungua, bila kujua kwamba umeungua, akaubana sana.

Tulirudi alasiri, sailensa ikiwa imerudishwa kwenye buti kwa ajili ya vilima, Mwinyimvua na mkewe mbele, Abdulatifu na mimi jirani yao nyuma. Pijo ilinguruma. Ilibidi kusemezana kwa kupiga kelele.

"Biasha aliimba ubeti wangu?" akauliza Mwinyimvua.

"Nini?"

"Ubeti! Wa baba! Aliimba?"

"Aliimba mara mbili!" akajibu Mwantumu. "Alikutaja na jina la baba yako, na Kiongoroni akaitaja. Watu walilia. Hukusikia?"

"Nilikuwa naangalia mshale!"

Mwantumu akamtazama. "Hukusikia hata kidogo?"

Tukaenda hivyo na ngurumo yetu mpaka juu ya kilima cha mwisho, pale njia inapoteremka kuelekea mashamba ya mpunga. Mwinyimvua akatoa gia, akazima injini. Gari likaendelea lenyewe, likasikika mchanga chini ya matairi tu.

"Haya," akasema. "Imba."

"Mimi? Sina sauti ya Biasha."

"Imba, mama Sihaba, mteremko unakwisha."

Mwantumu akasafisha koo, akaanza, kwa sauti ndogo, akiona haya kwa sababu yetu sisi wa nyuma. Alimtaja mumewe. Akamtaja baba wa mumewe. Mwinyimvua aliegemea usukani, hakugusa breki hata mara moja. Gari likapunguza mwendo, likafika bondeni, likasimama kabisa, na Mwantumu alikuwa bado hajafika kwenye Kiongoroni. Nyuma yetu lori la wanawake likapiga honi tupishe njia. Mwinyimvua akawasha.